Kula nje kule Dakar: benchi, bakuli na bei ya samaki

Juma hii tunaacha ziwa letu na kwenda mpaka pahali bara la Afrika linapoishia upande wa magharibi. Dakar, mji mkuu wa Senegal, umejengwa juu ya rasi inayoingia ndani ya Bahari ya Atlantiki, na ncha yake ya Almadies ndiyo nchi kavu ya bara hili iliyo mbali zaidi magharibi. Mji wenye maji pande tatu lazima ule samaki, na hilo halitashangaza mtu wa Uvira. Jambo la kuandikia ni namna watu wa kule wanavyokula nje ya nyumba: nani anapika, nani anakaa, na kwa nini samaki ana bei moja kwenye benchi la mtaani na bei nyingine kabisa kwenye meza yenye kitambaa cheupe.

Nilikaa siku kumi na moja kwa mdogo wangu, ambaye anasoma huko. Ana mume, watoto wawili, na jiko ambalo watu wawili hawawezi kugeuka ndani yake. Basi karibu kila mchana tulitoka, na tulikula kama wamama wanavyokula: tukihesabu feza na kuangalia mikono ya mpishi.

Kwanza neno juu ya feza. Senegal inatumia franga ya CFA, pamoja na nchi zingine saba za Afrika ya Magharibi. Siku zile dola moja ilikuwa karibu franga 600. Dola zenyewe hazipokelewi dukani ao sokoni kama tulivyozoea kwetu. Mtu anabadilisha kwanza, kiisha anakula. Lugha si shida kwa yule aliyesoma Kifaransa, lakini mtaani watu wanasema Kiwolofu, na kuna maneno mawili yanayofungua mlango. Jërëjëf ni kusema aksanti. Neex na ni kusema chakula ni kitamu. Sema hilo la pili mbele ya sufuria, na utaongezewa mchuzi.

Pahali pa bei ya chini wanaita gargote. Kule Ufaransa neno hilo ni la kudharau, lakini Dakar limesafishwa. Kila mtu anasema naenda gargote, na waziri pia anajua njia. Ni ndugu ya malewa yetu: chumba cha mbele ya nyumba ao kibanda cha mbao, pazia mlangoni ili wapita njia wasimwangalie mtu akitafuna, mabenchi mawili matatu, na meza yenye plastiki ya maua. Usitafute orodha ndefu ya vyakula. Chakula cha siku ni kimoja, pengine viwili. Saa saba na nusu mchana mafundi magari, makarani na wanafunzi wanajaa, na saa tisa sufuria imekwisha. Anayechelewa atakula mkate.

Mama tuliyezoea kula kwake anapikia katika mtaa wa Médina. Wateja wanamwita Tata, ni kusema shangazi, nasi tulimwita hivyo hivyo. Anawasha makala saa kumi na moja asubuhi, anasaidiwa na binti wa dada yake na jirani mmoja, na sahani yake ilikuwa franga 1,000. Sufuria zake mbili kubwa, zile ambazo mtoto wa miaka mitano anaweza kuogea ndani yake, alizinunua siku zamu yake ilipofika katika natt. Natt ni likelemba, wamama: kila mmoja anatoa, na kila mara mmoja anabeba yote. Nilipomwambia kwamba kwetu pia sufuria zinanunuliwa namna hiyo, aliniuliza swali moja tu: «Na yule anayebeba wa kwanza kiisha anahama mtaa, mnamfanya nini?» Tukajua kwamba tunasema juu ya jambo moja.

Chakula chenyewe kinaitwa ceebu jën. Kwa Kifaransa wanaandika thieboudienne. Maana yake ni wali na samaki, basi. Lakini kazi yake ni ndefu. Vipande vya samaki vinatobolewa kwa kisu, na ndani ya matundu mpishi anasukuma kwa kidole mchanganyiko wa persil, kitunguu saumu, pilipili na chumvi iliyotwangwa. Samaki anakaangwa kidogo, anatolewa. Ndani ya mafuta yale yale inaingia tomati ya mkebe, na hapo wapishi wenye haraka wanajulikana, sababu tomati inapaswa kupikwa polepole mpaka ukali wake uishe na rangi yake ikolee. Kiisha maji, na mboga nzima nzima: muhogo, karoti, shu, biringanya, dongo-dongo. Kuna pia kipande cha samaki aliyechachuka na kukaushwa, wanaita guedj, na kipande cha konokono wa bahari aliyechachushwa, wanaita yét. Harufu ya yét inamfukuza mgeni, lakini mwenye kupika makayabu hatakimbia. Mwishoni kila kitu kinatolewa, na wali, uliokwisha kuivishwa kidogo kwa mvuke, unamiminwa ndani ya ule mchuzi mwekundu mpaka uunywe wote.

Chini ya sufuria unabaki ukoko. Wao wanaita xooñ, na hawautupi, hapana. Tata anaukwangua kwa nguvu na kuugawa kwa wateja wake wa siku zote, kipande hapa, kipande pale. Siku ya tano nilipewa wangu. Mdogo wangu, ambaye amekaa Dakar miaka miwili, alisema kwamba yeye alingoja miezi mitatu.

Watu wa Senegal wanasema chakula hicho kilizaliwa kwa wavuvi wa Saint-Louis, mji wa zamani wa kaskazini, na jina la mpishi mmoja mwanamke, Penda Mbaye, limeshikamana nacho mpaka ceebu jën nyekundu inaitwa kwa jina lake. Kuna nyeupe pia, isiyo na tomati. Desemba 2021 UNESCO iliandika ceebu jën kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Rumba yetu iliandikwa wakati ule ule. Niliwaambia hayo watu wa benchi, na fundi mmoja wa pikipiki alijibu kwamba basi tuko sawa: ninyi chezeni, sisi tupike.

Wali wao utakushangaza kwa kuwa ni vipande, mchele uliovunjika. Dukani mchele mzima unauzwa, lakini kwa ceebu jën wanataka uliovunjika. Kuna sababu ya zamani. Wakati wa ukoloni Wafaransa walitaka wakulima wa Senegal walime karanga za kupeleka Ulaya, na ili watu wale, waliwaletea mchele kutoka Indochina, koloni lao lingine kule Asia. Mchele ule ulikuwa mabaki ya mashine, vipande ambavyo wengine hawakutaka. Wamama wa Senegal waliona kwamba vipande vinanyonya mchuzi kuliko punje nzima, na leo ni vipande hivyo vinavyotakiwa. Mchele mwingi wa Dakar bado unafika kwa meli kutoka Asia. Bei ikipanda bandarini, Tata anajua juma hilo hilo, na hawezi kupandisha sahani yake, sababu fundi ana franga 1,000 mfukoni na si 1,200.

Kwa gargote kila mmoja anapewa sahani yake na kijiko. Lakini mkienda jamaa nzima, ombeni bakuli moja, kama wanavyokula nyumbani. Ni bakuli pana la chuma. Wali umetandazwa, samaki na mboga zimewekwa katikati. Unanawa, unasema bismillahi kama wengine ao unaomba kwa namna yako kimya, na unakula kwa mkono wa kuume upande ulio mbele yako tu. Hauvuki kwenda kuchukua karoti iliyo mbele ya mwenzako. Mama wa nyumba, ao mkubwa wa kike aliyepo, ndiye anamega samaki na muhogo na kutupa vipande mbele ya kila mmoja, na mgeni na watoto wanapata kwanza. Watoto wanafundishwa kushika ukingo wa bakuli kwa mkono wa kushoto ili lisitembee. Nilipenda sana jambo hilo. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka minne, ambaye nyumbani anakimbia na kijiko mdomoni, alikaa kimya akishika bakuli kama askari anayelinda daraja.

Sasa samaki. Samaki wa heshima kwa ceebu jën ni thiof, samaki mkubwa wa baharini mwenye nyama nyeupe na ngumu isiyovunjika ndani ya mchuzi. Heshima yake ni kubwa mpaka wasichana wa Dakar wanamwita thiof mwanaume mzuri mwenye feza. Thiof wote wawili wamekuwa adimu, alisema Tata, na wa pili ni shida ya wasichana, lakini wa kwanza ni shida yake. Zamani aliweka thiof kila Ijumaa, siku ambayo watu wanatoka kwenye sala na nguo zao nzuri na kutaka chakula kizuri. Sasa anaweka yaboy. Yaboy ni samaki mdogo wa mafuta na miiba mingi, mkubwa kuliko sambaza wetu lakini wa jamaa moja naye. Ni mtamu. Ila kwa mtoto inabidi mama atoe miiba mmoja mmoja, na chakula chako wewe kinapoa.

Siku ya yenga shemeji alitupeleka kwenye restora ya Almadies, moja ya zile zilizo juu ya mawe, mawimbi yanapiga chini ya miguu. Huko niliona thiof. Alikuwa kwenye orodha, amechomwa, na limau na wali kidogo pembeni, franga 9,000. Sahani tisa za Tata! Chakula kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Nyama ilitoka kwenye mfupa bila kuvutwa. Wali ulikuja umepoa na hakuna aliyeuliza kama tunataka zaidi. Wahudumu walikuwa wanaume wote, wenye mashati meupe, na mpishi hatukumwona. Watoto walikula viazi vya kukaanga na kuangalia bahari. Mama anayetaka kwenda huko na aende mara moja, karibu saa moja jioni, wakati jua linapoingia majini, anywe bissap na kuangalia. Kula atakula Médina.

Kwa nini thiof amehama kutoka benchi kwenda mezani? Wavuvi wanasema wazi: meli kubwa zimevua sana, mitumbwi yenyewe imekuwa mingi sana, na samaki mzuri anawekwa kwenye barafu na kupelekwa Ulaya ao kwenye restora na hoteli. Mkataba ulioruhusu meli za Umoja wa Ulaya kuvua kule uliisha Novemba 2024 bila kufanywa upya, lakini samaki hawarudi kwa barua. Yaboy naye ana maadui. Kwenye pwani kuna viwanda vinavyosaga samaki kuwa unga wa kulishia samaki wa kufugwa na wanyama wa nchi za mbali. Wamama wanaokausha na kuchoma samaki kwa moshi, ambao kazi yao inalisha mpaka vijiji vya ndani, wanagombania sanduku lile lile na kiwanda, na kiwanda kina feza taslimu. Sisi wa ziwa tunaweza kusikia habari hiyo bila kufasiriwa.

Dakar ina meza zingine, nitazipitia haraka. Asubuhi wamama wanauza ndambe, maharagwe ndani ya mkate, na jioni accara, mandazi ya kunde yanayoliwa na pilipili. Tangana ni kibanda cha wanaume, cha asubuhi na usiku, chenye mayai, makaroni na chai ya majani ya kinkéliba. Jina lake kwa Kiwolofu ni kusema kwamba ni moto. Usiku kuna dibi, nyama ya kondoo iliyochomwa, inakatwa mbele yako, inafungwa kwenye karatasi na vitunguu na haradali. Mwenye kupenda michopo yetu atajisikia nyumbani. Wachomaji ni wanaume, wengi Wahausa, na benchi ni la wanaume zaidi, lakini mdogo wangu na mimi tulikaa pale saa tatu usiku bila mume wala kaka, na hakuna aliyetusumbua. Mmoja alituuliza tu kama kwetu kuna kondoo.

Yassa ni kuku ao samaki ndani ya vitunguu vingi na limau, chakula cha watu wa Casamance, kusini. Kwa watoto ndicho bora, hakina pilipili nyingi. Mafé ni mchuzi wa karanga. Soupou kandja ni dongo-dongo na mafuta ya mawese. Ukikumbuka nyumbani, agiza hiyo. Walibanoni wako Dakar tangu siku nyingi, na wao ndio waliofundisha mji kula chawarma na fataya. Na usishangae kukuta nem za Kivietinamu kwenye kila sikukuu. Askari wa Senegal walipelekwa na Ufaransa kupigana Indochina. Vita vilipoisha mwaka 1954, wengine walirudi na wake Wavietinamu, na wake hao, mbali na mama zao, waliviringisha nem katika jiko la Dakar mpaka jirani wakajifunza. Nilikula nem tatu kwa mwanamke mmoja sokoni, amevaa bubu na kilemba, na niliwaza juu ya bibi wa kwanza aliyeshuka kwenye ile meli.

Kuhusu vinywaji: bissap ni maua mekundu yaliyochemshwa na sukari, bouye ni unga wa tunda la mbuyu, mzito kama uji, na watu wa kule wanasema unamfaa mtoto mwenye tumbo la kuharisha, na tangawisi inauzwa huko kama kwetu. Wanatia sukari nyingi sana. Omba isiyo na sukari nyingi kabla hawajamimina. Uliza pia maji gani yametumika. Mama mwenye kuuza vizuri hakasiriki kwa swali hilo, na yule anayekasirika amekujibu. Mwezi wa Ramadani gargote nyingi zinafunga mchana, basi anayesafiri na watoto wakati huo ajue pahali pa kununua mkate na matunda.

Jioni ya siku ya kumi Tata alitupeleka Soumbédioune, ghuba ndogo ndani ya mji ambamo mitumbwi yenye rangi inarudi jua likizama. Vijana wanaisukuma juu ya mchanga, na wamama wanakuwa tayari wamesimama na mabeseni, wengine maji yakifika magotini. Bei inasemwa kwa sauti ya chini, karibu na sikio. Mtumbwi mmoja ulikuwa na thiof watano. Niliwahesabu. Mwanaume mwenye simu na sanduku la barafu aliwabeba wote kabla sijamaliza kuuliza bei. Tata hakugeuza hata kichwa. Alikuwa anapigania sanduku la yaboy na mama mwingine, na wote wawili walikuwa wanacheka, na hakuna aliyeachilia upande wake. Mwishoni waligawana, nusu kwa nusu, na kijana mwenye mtumbwi akaongeza mikono miwili ya bure juu ya kila beseni.

Njiani kurudi alitueleza atakavyofanya. Yaboy wa kesho atatolewa miiba usiku huo huo na mabinti, atatwangwa na kitunguu saumu, persil na mkate ulioloweshwa, na kuviringishwa kuwa mipira midogo. Mipira inaingia kwenye ceebu jën pahali pa kipande cha samaki. Mtoto anakula bila mwiba, fundi anaona sahani imejaa, na samaki nusu sanduku anafika kwa wateja wote. «Njooni mapema,» alisema, «siku ya mipira hawabakizi.» Tulifika saa saba kamili, na benchi la mbele lilikuwa limejaa.